Sekunde Chache za Spiriti

Kabla hatujaaminiwa makohozi ya mgonjwa yeyote, sisi wanafunzi wa shahada ya mikrobiolojia tulifundishwa kupaka. Unachoma kitanzi cha waya motoni mpaka kiwe chekundu, unakiacha kipoe, unagusa koloni moja tu ya bakteria, kisha unaisambaza kwenye tone la maji juu ya slaidi. Mkono ukiwa mzito, darubini haikuonyeshi ila tope.

Halafu rangi. Zambarau dakika moja, iodini dakika moja, kisha spiriti, na hapo ndipo penye kazi. Bakteria wenye ukuta mnene huing'ang'ania zambarau. Wenye ukuta mwembamba huiachia, na rangi ya mwisho, safranini, huwapa wekundu. Tofauti yote hiyo imo ndani ya sekunde chache. Siku moja nilizizidisha, na stafilokokasi, ambao hukaa kama vishada vya zabibu za zambarau, wakatoka wekundu. Mwalimu akainama kwenye darubini, akakaa kimya, kisha akaniuliza: "Haya yangekuwa majibu ya mgonjwa, daktari angemwandikia dawa gani?" Nikachukua slaidi nyingine.

Mbinu hiyo ya kupaka rangi ni ya Hans Christian Gram, Mdenmarki aliyeibuni Berlin akichunguza mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia. Aliichapisha mwaka 1884, akakiri kwamba bado ina kasoro. Nampenda kwa ungwana huo.

Nampenda zaidi Fanny Hesse. Katika maabara ya Robert Koch, vimelea vilioteshwa juu ya jelatini, nayo ikayeyuka kwenye joto la mwili. Fanny, aliyekuwa akimsaidia mumewe Walther katika uchunguzi, alipendekeza agari, kitu alichokitumia jikoni kugandishia vyakula. Agari hutoka katika mwani mwekundu, jamaa wa ule wanaolima akina mama wa Paje na Jambiani, ingawa si aina ileile. Mpaka leo sahani zetu humiminwa agari.

Ukishaotesha, unafunga mlango wa inkubeta kwenye nyuzi 37 na kwenda zako. Asubuhi, kwenye agari ya MacConkey, *E. coli* wamegeuka waridi, *Salmonella* hawana rangi. Kimelea cha kifua kikuu hakikubali haraka hiyo: huenda ukakisubiri wiki nane. Sijaona shahada nyingine inayomfunza kijana kusubiri kwa uangalifu namna hii. Tena kusubiri huko hakuishi: kimelea kikishajulikana, kinaoteshwa upya pamoja na vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa, na kesho yake unapima kwa rula, milimita kwa milimita, ni dawa ipi imekizuia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiambiwa utoe mkojo au damu ya kuotesha kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, toa. Dozi moja tu yaweza kutuachia sahani tupu, na kimelea kingali mwilini mwako.