Mgongo wa Picha

Ligi ya taifa ya Kenya ilipoanza mwaka 1963, bingwa wa kwanza hakutoka Nairobi wala Mombasa. Kombe lilikwenda kwa Nakuru AllStars. Likapokewa na Luo Union, Feisal ya Mombasa, Abaluhya na Gor Mahia, kisha Nakuru wakalirudisha nyumbani mwaka 1969. Baadaye jina hilo lilififia, likafufuliwa, likaonekana tena katika ligi kuu msimu wa 2015. Klabu iliyopitia maisha ya kuwaka na kuzimika hivyo haitegemei kabati la vioo kuhifadhi historia yake. Historia hukaa majumbani mwa waliocheza na walioshangilia, kuanzia mitaa ya Nakuru hadi huku juu Molo: ndani ya sanduku la bati, katikati ya kurasa za Biblia, chini ya godoro la mgeni.

Wa kusifiwa hapa ni mtunzaji. Kuwa na jezi ya zamani ni bahati tu, kwani hata panya anaweza kuwa nayo.

Na Molo hapamwonei huruma mtunzaji. Mji umepita mita 2,400 juu ya bahari. Baridi hiyo inawafaa kondoo na viazi, nayo kuvu huishukuru vilevile. Unyevu wa hewa ukipanda hadi asilimia 65 au 70 ukakaa hapo, kuvu huanza kazi, na majira ya mvua chumba kisichowashwa moto hufika huko upesi. Picha iliyobanwa kwenye fremu hugandamana na kioo. Ukiivuta, uso wa golikipa unabaki kiooni. Ajuaye kazi hukata kadibodi yenye dirisha, akaiweka kati ya kioo na picha ili hewa ipite, na fremu haitundiki kwenye ukuta unaopigwa na mvua. Haitundiki juu ya jiko pia. Moshi tutauacha, ila joto la jioni na baridi ya alfajiri hukunja na kukunjua karatasi kila siku mpaka ipasuke.

Vipande vya magazeti vina ugonjwa wao wenyewe. Karatasi ya gazeti hutokana na mbao zilizosagwa tu, kwa hiyo lignini ya mti hubaki ndani, na ikikutana na mwanga na hewa huigeuza rangi ya chai na kuifanya ivunjike kama papadi. Selotepu huongeza msiba: gundi yake huzama ndani ya karatasi, ikaacha mstari wa kahawia, halafu utepe wenyewe hudondoka. Uji wa unga wa ngano ulikuwa gundi bora kuliko watu wanavyodhani, maana unalowekwa na kubanduliwa, ingawa mende nao wanaukubali. Lakini kinachonipendeza zaidi ni tabia ya watunzaji wachache ya kupaka gundi ukingo wa juu peke yake. Kipande kinaning'inia kama ukurasa, ukikifunua unasoma na upande wa pili. Mara nyingi huko nyuma ndiko kuliko na msimamo wa ligi, au tarehe ambayo mkasi uliikata upande wa mbele.

Picha zenyewe zina kinaya. Zile za rangi nyeusi na nyeupe za miaka ya 1960, zilizochorwa kwa chembe za fedha, nyingi bado zina nguvu. Za rangi za miaka ya 1970 ndizo zinazougua, hata zikiwa zimefungiwa gizani: samawati hutangulia kufa, na kinachobaki ni wekundu. Jezi ya bluu huishia kuonekana zambarau. Asiyeandika rangi ya jezi kwa maneno ataachia wajukuu ubishi.

Jezi hukunjwa kwa kitambaa safi cha pamba, na kila baada ya miezi kadhaa mikunjo huhamishwa mahali pengine. Kuitundika kwenye hanga ni kuivuta mabega kwa uzito wake. Mpira wa ngozi hujazwa vitambaa usipoteze umbo, na hauanikwi karibu na moto, hata kama katika nyumba za Molo hapo ndipo kila kitu kilicholowa hupelekwa.

Yote hayo ni kazi ya mikono. Ufundi wenyewe, kwa maoni yangu, uko mgongoni mwa picha.

Mtunzaji mahiri huilaza picha kifudifudi juu ya kioo au meza ngumu, akachukua penseli laini, akaandika bila kukandamiza. Kalamu ya biki huchimba, na chapa yake hutokeza upande wa pili, katikati ya kipaji cha mtu. Huanza na waliosimama, kutoka kushoto, halafu waliochuchumaa. Anaandika jina la nyumbani na lile la uwanjani, kwa sababu winga aliyejulikana na mji mzima kwa jina la utani anaweza kukosekana katika kila daftari la serikali. Anaandika mahali, mashindano na mwaka, na kama mwaka anaukisia, anaweka alama ya kuuliza. Alama hiyo naiheshimu kuliko majina kumi yaliyoandikwa kwa kujiamini.

Mwaka nao hutafutwa. Picha inayodaiwa kuwa ya 1963 ina mpira wa vipande 12 vyeusi na 20 vyeupe? Mpira huo ulienea baada ya Kombe la Dunia la Mexico, 1970. Basi dai limeanguka. Picha ya 1966 imeandikwa Leopards? Waliotwaa ubingwa mwaka ule walikuwa Abaluhya. Jina la AFC Leopards lilikuja miaka ya 1980 ilipokuwa ikianza, serikali ilipotaka klabu ziache majina ya kikabila, na Luo Union ikawa Re-Union. Jukwaa linaloonekana nyuma ya wachezaji ni ushahidi pia, hasa kwa picha za uwanja wa Afraha, Nakuru, kwa kuwa uwanja ule umejengwa upya na macho ya vijana hayaujui wa zamani.

Kisha huulizwa wazee, na hapo pana adabu yake. Ukimwambia babu, "Guka, huyu si ndiye fulani?" atakubali, kwa upole au kwa uchovu. Huulizwa hivi: "Guka, nani hapa unamfahamu?" Halafu unanyamaza. Mzee wa pili huulizwa siku nyingine, bila kuambiwa wa kwanza alisema nini. Wakitofautiana, majina yote mawili yanaandikwa, kila moja na aliyelitaja.

Klabu kubwa hazihitaji subira kiasi hiki. Gor Mahia walipotoka sare ya 2-2 Tunis na 1-1 Kasarani, Nairobi, dhidi ya Espérance mwaka 1987, wakabeba Kombe la Washindi Barani Afrika kwa mabao ya ugenini, maelfu walirudi nyumbani na tiketi mfukoni. Kumbukumbu yenye walinzi wengi hivyo haipotei kwa nyumba moja kuungua.

Na Molo nyumba zimeungua. Machafuko ya 1992, na yale yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, yaliwaondoa watu hapa na walichoweza kubeba, na albamu haikuwa ya kwanza kubebwa. Kwa hiyo nakala hutunzwa nyumba mbili, mji zaidi ya mmoja: seti ya hapa na seti kwa binamu Nakuru.

Siku hizi nakala ni simu, na simu imerahisisha mambo mpaka ikayaharibu. Picha ya timu hutumwa WhatsApp, ikasambazwa kundi hadi kundi, na kufikia jioni imeshakuwa ya klabu nyingine, mwaka mwingine, na marehemu wawili wamebadilishana majina. Mtunzaji niliyemwona akifanya kazi hii sawasawa alipiga upande wa mbele, akaigeuza, akapiga maandishi ya penseli, akaziunganisha pande zote mbili ziwe picha moja kabla ya kutuma. Mjukuu wake alilalamika kwamba hivyo haipendezi. Akamjibu kwamba asiyetaka majina akatafute picha za mandhari.