Kunena na Kunyamaza: Je, Aya Zinapingana?

Wasomaji wengi wa Biblia hukwama mahali pamoja. Mithali 31:8 inatuagiza tumsemee asiyeweza kujisemea. Amosi 5:13 yaonekana kusema kinyume: nyakati zikiwa mbaya, mwenye busara hunyamaza. Tufuate ipi?

Wengi hukimbilia Mhubiri 3:7, kwamba kila kimoja kina wakati wake. Ni kweli, lakini haitoshi. Mwoga naye ataitumia aya hiyo: kila siku atasema wakati wa kunena haujafika.

Tuisome tena Amosi. Nabii anayetaja kimya cha wenye busara, yeye mwenyewe hajanyamaza. Tena, katika 5:15 anadai haki isimamishwe langoni, mahali wazee walipoamulia mashauri, kama bashingantahe kwetu Burundi. Kwa hiyo naona 5:13 inaeleza hali ya mji ambao mahakama yake imeoza, haitoi amri.

Wengine husema: nyamaza ukionewa wewe, nena akionewa mwenzako. Kanuni hiyo nayo haisimami. Yesu hakumjibu Herode (Luka 23:9), lakini alimtaka aliyempiga kofi atoe ushahidi wa kosa lake (Yohana 18:23). Mara zote mbili aliyeonewa ni yeye. Tofauti ni kwamba Herode alitaka kuona miujiza tu, ilhali kofi lilipigwa mbele ya kuhani, mahali ukweli ulipopaswa kupimwa. Swali basi ni hili: kimya changu kinamfaa nani?

Gitega inalijua swali hilo. Julai 1996, baada ya wakimbizi wa ndani zaidi ya 300 kuuawa Bugendana, Askofu Mkuu Joachim Ruhuna aliwakemea wauaji hadharani. Tarehe 9 Septemba mwaka huohuo aliuawa katika shambulio la kuvizia. Huenda mtu akasema kwamba Amosi 5:13 ingemwokoa. Lakini kimya chake kingewafaa wauaji, si waliozikwa.

Mwaka 2020, Askofu Joachim Ntahondereye wa Muyinga, akiwa rais wa Baraza la Maaskofu, alitoa tamko juu ya kasoro ambazo waangalizi wa Kanisa walizishuhudia katika uchaguzi wa Mei 20. Hakutukana mtu, alitaja yaliyoonekana.

Aya hizi hazipingani. Zinamnyima kila mmoja wetu kisingizio chake: msemaji ovyo hapati ruhusa ya kupayuka, wala mwoga hapati aya ya kujifichia.