Siku Saba za Lazima: Maombolezo na Migogoro ya Jamaa katika Riwaya ya Jonathan Tropper

Katika mila ya Kiyahudi, jamaa wa karibu wa marehemu, yaani wazazi, watoto, ndugu na mume au mke, hukaa nyumbani siku saba baada ya maziko. Mkao huo huitwa shiva, neno la Kiebrania lenye maana ya saba. Wafiwa huketi kwenye viti vifupi, vioo hufunikwa, na mgeni hutarajiwa kunyamaza mpaka mfiwa aanze kunena, kama walivyonyamaza marafiki wa Ayubu. Makala hii inanuia kuchunguza jinsi Jonathan Tropper, mwandishi wa Marekani, anavyoitumia desturi hiyo katika *This Is Where I Leave You* (2009). Hoja yetu ni kwamba migogoro ya jamaa katika riwaya hii haiyavunji maombolezo. Ndiyo maombolezo yenyewe.

Mort Foxman amefariki. Wanawe wanne, Paul, Wendy, Judd na Phillip, wanaarifiwa kwamba aliagiza wamkalie shiva. Agizo hilo linawashangaza, maadamu marehemu hakuwa mshika dini. Judd, ambaye ndiye msimulizi, anafika akiwa tayari amevunjika moyo, kwani amemfumania mkewe, Jen, na mwajiri wake.

Mintarafu ya msuko, mila hapa inafanya kazi ya mandhari na wakati kwa pamoja. Katika riwaya nyingi za kifamilia, mhusika aliyeudhika huondoka, na mgogoro ukapoa kabla ya kuiva. Foxman hawana njia hiyo: kila ugomvi wa usiku unawakuta asubuhi katika viti vile vile, mbele ya wageni. Mfano bora ni uhusiano wa Paul na Judd. Ujanani, Paul alikwenda kumlipizia Judd kisasi, akararuliwa bega na mbwa, na matumaini yake katika mchezo wa besiboli yakazimika. Alibakia katika duka la vifaa vya michezo la baba yake. Kwa hiyo wanapozozania duka hilo, mali si kiini cha mzozo. Wanadaiana jambo ambalo halijapata kutajwa kwa miaka mingi, na kifo cha baba kimewaondolea kisingizio cha kunyamaza.

Kinaya kikuu kinafichuka mwishoni: agizo la shiva halikutoka kwa marehemu bali kwa mjane wake, Hillary. Mama huyu, aliyepata sifa kwa kuandika kuhusu malezi ya watoto, ameshindwa kuwaeleza wanawe mapenzi yake na jirani yao, Linda. Huenda mhakiki akadai kwamba ufichuzi huu unaigeuza mila kuwa hila tupu. Hatukubaliani na rai hiyo. Wajibu wa shiva umejengwa juu ya kutenda: kuketi, kupokea, kusubiri. Foxman wameketi, wakapokea na kusubiri. Uongo wa mama haukuyafuta yaliyosemwa siku hizo. Kwa hakika, riwaya inapendekeza kwamba fani ya mila yaweza kuzaa maudhui hata pale imani ilipokwisha kutoweka.

Hata hivyo, kazi hii ina kasoro. Usimulizi wa nafsi ya kwanza unawabana wahusika wa kike. Majonzi ya Wendy na Jen yanatufikia kupitia jicho la Judd, ambalo mara nyingi lina tamaa au kinyongo. Aidha, tashtiti imekithiri. Wageni wanabwabwaja ovyo ili msomaji acheke, ilhali mila yenyewe ilikuwa imempa mwandishi chombo chenye nguvu zaidi, yaani ukimya wa mgeni anayesubiri ruhusa ya kunena. Chombo hicho hakitumiki ipasavyo.

Mwanafunzi wa fasihi linganishi atashawishika kuiita shiva matanga. Tafsiri hiyo inasaidia, lakini inaficha jambo moja: muda wa matanga hutofautiana kutoka jamii hadi jamii, hali shiva ina ukomo uliowekwa na sheria. Ukomo huo ndio unaoipa riwaya taharuki yake. Foxman wanajua siku watakayoachana, na kwa sababu hiyo wanalazimika kuyasema kabla haijafika.