Salgado na watu wa Benako wasio na majina



Nimekirudia kile kitabu cha Sebastião Salgado juu ya wahamaji, kilichotoka mwaka 2000 baada ya safari za miaka sita katika nchi zipatazo 40. Tangu afariki Mei 2025 tumesoma sifa zake tele, na kweli bwana yule alikuwa fundi. Lakini mie nikifika kwenye picha za Benako, kule Ngara, nakwama.

Mnakumbuka: mwisho wa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Tanzania kwa muda wa siku moja hivi. Salgado akaenda. Moshi wa kuni, maturubai, umati usio mwisho. Picha nzuri mno, yaani unaweza kuitundika sebuleni, na hicho ndicho kinachoniudhi. Moshi ule unawafunika wote sawasawa. Kambini mle walikuwemo kina mama waliokimbia vita na watoto wao, na walikuwemo pia watu waliotoka kuwaua majirani zao. Kamera haiwezi kuwatenganisha, sawa, lakini maelezo chini ya picha je? Majina hatupewi.

Susan Sontag alimlaumu kwa jambo hilihili la majina mwaka 2003. Wapo waliomwona mkali mno; mie namuunga mkono. Kwetu mgeni akibisha hodi huulizwa kwanza yeye ni nani, mtoto wa nani. Huyu kapokewa kwenye kitabu kizima bila ya kuulizwa.

Msinielewe vibaya, si kwamba hakujua uhamaji. Mwenyewe aliikimbia Brazil ya wanajeshi mwaka 1969, akaishi Paris. Na kile kitabu chake kingine cha watoto nakipenda zaidi. Watoto walikuwa wakimzonga asifanye kazi, akawaambia wakae awapige mmojammoja, kisha wamwache. Basi kila mtoto kajiweka anavyotaka, anakutazama usoni. Humwoni mkimbizi pale, unamwona mtoto mwenye kiburi chake. (Majina hata humo hamna, jamani!)

Halafu kuna hili. Serikali ya Tanzania pamoja na UNHCR waliwataka Wanyarwanda wawe wameondoka ifikapo 31 Disemba 1996, wakarudishwa kupitia daraja lilelile. Kitabu kilipotoka, Benako ile ilikuwa haipo tena. Yule mama wa kwenye picha alirudi kwake akakuta nini? Hakuna wa kumwuliza, maana hatujui tumtafute kwa jina gani.