Kromosomu 36 za Ulezi

Kwa wakulima wengi wa uwanda wa Ufipa, shamba la ulezi huanza na nyasi. Mvua zikiwa bado hazijakatika, nyasi hufukiwa kwa jembe ndani ya matuta ya mviringo, ntumba, ziozee humo. Msimu unaofuata matuta hubomolewa, udongo husambazwa, na mbegu za ulezi humwagwa juu yake. Kisha huja palizi, kazi isiyotaka pupa, maana katikati ya miche huota magugu ya ukoo wake wenyewe, Eleusine indica, ambayo yakiwa machanga humchanganya hata mkulima mzoefu.

Kufanana huko ni kwa damu, na mafundi wa kromosomu wamekuonyesha kwa macho.

Seli ya ulezi ina kromosomu 36, urithi wa mimea miwili ya porini iliyochanganyika zamani: 18 za upande unaoitwa A na 18 za upande wa B. Pande hizi mbili zina jeni zinazokaribiana sana, tena kwa mpangilio unaokaribiana. Ukisoma DNA vipande vipande, kisha ukaviunga kwa kutazama kufanana tu, utaunga cha A na cha B bila kujua. Ndiyo maana naistahi kazi ya kuweka alama juu ya kromosomu yenyewe. Inataka kujua kitu kiko wapi hasa, na haipokei jibu la kukisia.

Mbegu huoteshwa kwenye karatasi yenye unyevu. Mzizi ukifika sentimita moja au mbili hukatwa ncha, mahali seli zinapogawanyika, na ncha hiyo hutiwa katika maji ya barafu ili mgawanyiko usimame wakati kromosomu zimejikunja zikawa fupi. Spiriti na asidi ya siki huzihifadhi katika hali hiyo; vimeng'enya hulainisha kuta za seli. Halafu tone la asidi, kioo chembamba juu yake, na kidole gumba. Ukikandamiza kidogo, kromosomu hubaki zimerundikana. Ukizidisha, hutawanyika nje ya seli yake na hesabu ya 36 haitimii tena. Za ulezi ni ndogo mno, kwa hiyo fundi hupekua slaidi moja baada ya nyingine akitafuta seli moja iliyotandazika vizuri. Akiipata, DNA yake huachanishwa kwa joto, kisha huwekewa DNA ya mmea wa porini iliyotiwa rangi ya kung'aa na kulazwa usiku kucha katika nyuzi 37, itafute mwenzake na kumshika.

Kwa njia hii, mwaka 2001 Bisht na Mukai walionyesha kwamba DNA ya Eleusine indica huziwasha kromosomu za upande A. Gugu lile la palizi ni mzazi, au ndugu wa karibu kabisa wa mzazi. Kwa upande B walimtaja Eleusine floccifolia, lakini ulinganisho wa jeni uliofuata ulimkataa, na mzazi huyo hajapatikana hadi leo. Nusu ya kwanza ya jibu imesimama, nami naona hiyo ni heshima kubwa kwa kidole gumba na hadubini.

Kwa ngano, kazi ya kutenganisha pande ni ngumu zaidi: kromosomu 42, seti tatu, herufi za DNA zipatazo bilioni 16. Huko Olomouc, Ucheki, Jaroslav Doležel na wenzake walizipitisha kromosomu zake katika mkondo wa maji mbele ya leza, moja moja, wakaichambua ile kubwa kuliko zote, 3B. Ramani yake ilitoka mwaka 2008.

Kwa ulezi, Mathews Dida wa Chuo Kikuu cha Maseno, Kenya, na wenzake walitoa mwaka 2007 ramani ya urithi, inayopima umbali kwa kuangalia alama zipi hurithiwa pamoja. Mwaka 2023 Katrien Devos na wenzake wakachapisha jenomu, yaani DNA yote, ya mbegu KNE 796-S, herufi kama bilioni 1.1, kromosomu kwa kromosomu, A mbali na B.

Ugonjwa wa blasti hukausha shingo na masuke ya ulezi punje zikiwa hazijajaa. Mtafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) Uyole, Mbeya, kituo kinachohudumia nyanda za juu kusini, akitafuta jeni ya kuuhimili, lazima ajue kama iko upande A au B. Alama isiyotenganisha pande hizo itamfanya achague mche usio na kinga, na mkulima wa Sumbawanga ndiye atakayeujua ukweli shambani, masuke yakiwa yamekwisha kukauka.