Kazi ya Mtu wa Mbegu

Ukitoka Rudewa kwenda Kilosa mjini, kabla hujafika kuna Ilonga. Wasafiri wengi hupita tu, lakini mkulima wa mahindi wa ukanda huu ana deni la shukrani kwa mahali hapo. Programu ya taifa ya utafiti wa mahindi, iliyoanza mwaka 1974, iliratibiwa Ilonga. Mwaka 1983 zikatoka mbegu za Kilima, Staha na Kito, na mwaka 1987 ikafuata TMV-1. Majina ya waliozihangaikia hayaandikwi kwenye mfuko wa mbegu.

Wengi hudhani kazi yao hufanyika maabara. Hufanyika juani, katikati ya mistari. Mtafiti hulivika hindi changa kifuko kabla ndevu hazijachomoza, chavua ya kutangatanga isije ikamtangulia. Jioni huifunika mbelewele kwa mfuko wa karatasi. Asubuhi, umande ukishakauka, huuinamisha mfuko na kuutikisa mpaka unga wa manjano ukusanyike ndani, akaumimina juu ya ndevu za mmea aliouchagua, akafunika tena na kuandika kwa penseli wazazi na tarehe. Jua likikolea chavua hufa, hivyo hana nafasi ya kuchelewa. Kila uzi wa ndevu una punje yake. Uliokosa chavua huacha pengo kwenye gunzi. Kupata ukoo ulionyooka huchukua vizazi sita hivi vya kuuchavusha mmea kwa chavua yake wenyewe, na sehemu kubwa ya watoto wake hutupwa. Kwangu mimi, ufundi wote uko hapo: jicho linalojua cha kutupa.

Jicho hilo halijitoshelezi. Chukua ugonjwa wa michirizi, unaochora majani mistari ya manjano na kuudumaza mmea. H. H. Storey, mtafiti aliyefika Amani, kwenye milima ya Usambara, mwaka 1928, alikuwa ameshabaini kwamba unaenezwa na kidudu kidogo kifyonzacho majani. Baadhi ya vidudu hivyo havikuweza kuambukiza. Storey akavitoboa utumbo kwa sindano nyembamba, navyo vikaanza kuambukiza! Hebu fikiria utulivu wa mkono ule. Miaka mingi baadaye watu wa mbegu walisimama juu ya maarifa ya namna hiyo walipotafuta mahindi ya kuhimili michirizi, na Staha ni tunda mojawapo la msako huo.

Ndiyo maana siwezi kuutenga utafiti na ualimu. Hapo hapo Ilonga kuna chuo cha kilimo kinachofundisha maafisa ugani. Kitabu kitamweleza mwanafunzi michirizi ni nini. Kuitambua kwenye jani changa, akaitofautisha na njano ya udongo uliochoka, atajifunza kwa kutembea shambani nyuma ya mwalimu, msimu hadi msimu.

Mwanafunzi huyo akipangiwa kazi Rudewa, mama mwenye ekari mbili atamuuliza kama mbegu ya Staha inaweza kuwekwa kwa msimu ujao. Inaweza, kwa kuwa si chotara. Achague mahindi ya katikati ya shamba, mbali na mpaka wa jirani, kwenye mimea aliyoitia alama mapema ingali mibichi, ile isiyo na michirizi, ayatenge kabla ya kuvuna mengine.