Ntilie na Lishe

Adhuhuri mjini Songea ugali, wali, maharage na dagaa wa Ziwa Nyasa huuzwa vibandani, na mabenchi hujaa kabla sufuria hazijaepuliwa. Aghalabu hakuna orodha iliyoandikwa. Mpishi hutaja vyakula kwa mdomo, mlaji hujibu: nitilie. Kilio hicho ndicho kilichompa mpishi jina, hapa kama Dar es Salaam, irabu yake ikidondoka kama idondokavyo katika usemi wa Unguja: mama ntilie.

Lugha ya maofisini hupendelea mama lishe, kwa nia ya kumstahi. Ni kweli wapo wanaolitamka ntilie kwa dharau. Lakini dharau i kinywani, haimo katika neno. Ntilie ni kauli ya kutendea: mna aombaye na aombwaye, na ombi laweza kurudiwa sahani ikipungua. Lishe yatokana na kulisha, kauli ya kutendesha. Humo mlaji amenyamaza, analishwa kama mgonjwa.

Tofauti hiyo ina uzito katika mji huu. Wakati wa Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, Wajerumani waliteketeza vijiji, vihenge na mashamba ya kusini, wakaifanya njaa silaha. Songea Mbano, ambaye mji una jina lake, aliuawa 1906. Katika nchi iliyopata kunyimwa hivyo, sauti ya mtu aombaye atiliwe, naye akatiliwa, ni ushairi unaostahili kubaki.